Bastola ya fataki ya Colt 1860: yasemwayo na yanayoonekana kwenye chuma

“Ina picha ya meli, basi ilikuwa ya wanamaji.” Picha hiyo ni ya meli za Texas zikipigana na za Mexico mwaka 1843, na mtengenezaji, Samuel Colt, aliichapa hata kwenye silinda (kiviringo chenye matundu ya risasi) ya bastola ya jeshi la nchi kavu. Hii ndiyo 1860 Army, inayolipuliwa kwa fataki, yaani kikofia kidogo cha kuwasha baruti: risasi sita, kaliba 44 (upana wa mtutu kwa ndani, takribani inchi 0.44), mtutu wa inchi 8. Zilitengenezwa takribani 200,000 hadi 1873, na nyingi zilinunuliwa na serikali ya Marekani wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Ile iitwayo Navy, yaani ya wanamaji, ya 1851, ni ya kaliba 36, na wengi walioivaa kiunoni hawakuwahi kupanda meli.

“Mtutu umeandikwa New York.” Anwani ya biashara hiyo. Kiwanda kilikuwa Hartford, Connecticut. Jina la Samuel Colt nalo halikupi mwaka: alifariki Januari 1862 na liliendelea kuchapwa. Mwaka utafute kwa namba ya mfululizo iliyochapwa kwenye chuma.

“Isugue ing'ae, bei itapanda.” Itaporomoka. Msasa unakula kingo za fremu, unafuta picha ya silinda, na mbaya zaidi unaondoa mihuri ya wakaguzi wa jeshi kwenye mbao za mpini, ambayo ndiyo ushahidi kwamba silaha ilipokelewa na serikali. Mbao zilizochubuka zenye mhuri unaosomeka ni bora kuliko mbao laini kama kioo. Kutu hai izuie kwa mafuta kidogo, kisha acha kusugua.

“Namba zinafanana, kwa hiyo ni halisi.” Hapa ndipo wengi huliwa fedha. Namba hukaa kwenye fremu, mtutu, kikinga kidole (chuma kinachozunguka kifyatulio), mgongo wa mpini, silinda na kabari inayoshikiza mtutu kwenye fremu. Kabari ngeni hainisumbui sana, maana ni kipande kidogo kinachopotea upesi. Silinda ngeni inanisumbua. Linganisha umbo na kina cha tarakimu, kisha tazama chuma kilichozizunguka: kikiwa kimebonyea, namba ya zamani ilisuguliwa ikachapwa mpya. Picha ya silinda ikiwa kali kama ya jana huku mtutu umeliwa na kutu, shuku. Nakala za Italia zimekuwepo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Zikitoka kiwandani huwa na mihuri ya majaribio (alama kwamba silaha ilijaribiwa kwa usalama), na tapeli huitoa kwa tupa. Tafuta kovu la tupa.

“Ya kale hii, haina madhara.” Waliowahi kushika gobori hawasemi hivyo. Baruti nyeusi iliyobaki ndani yaweza kuwaka hata baada ya zaidi ya karne. Kabla ya yote, hakikisha hakuna fataki kwenye chuchu (vijibomba vya nyuma ya silinda vinavyovishwa fataki), kisha pima kina cha matundu yote sita ya silinda kwa kijiti cha mbao. Tundu moja likiwa fupi kuliko wenzake, acha kupima bei na uite fundi wa bunduki.