Mpira kwenye kitovu cha kichanga mahututi: maswali ya wazazi

Mwanangu amezaliwa jana, yuko mahututi. Mbona wamempitishia mpira kitovuni?

Kwa sababu kitovu kilichokatwa bado ni njia. Kitazame kwa karibu: kuna tundu moja kubwa lenye ukuta mwembamba, hilo ni la veni (mshipa wa kurudisha damu kuelekea moyoni), na vitundu viwili vyeupe vyenye kuta nene. Hizo ndizo ateri, zilizokuwa zikirudisha damu ya mtoto kwenye kondo. Siku za mwanzo huweza kupanuliwa, mrija mwembamba ukapita hadi aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni. Hapo presha inasomwa bila kukatika, na damu ya kupima oksijeni inachotwa pasipo kumchomachoma. Njiti wa kilo moja ana mishipa mingapi ya kuchoma?

Anaumia?

Kitovu chenyewe hakina mishipa ya fahamu. Ngozi inayokizunguka inayo, ndiyo maana uzi wa kushikilia mrija hushonwa kwenye kitovu.

Wanajuaje umefika mahali pake?

Kwa eksirei. Mrija wa ateri hushuka kwanza kuelekea nyonga ndipo ukapanda; wa veni hupanda moja kwa moja. Ncha ya mrija wa ateri hukaa usawa wa pingili ya uti wa mgongo ya 6 hadi ya 9 ya kifua, au chini, ya 3 hadi ya 4 ya kiuno, mbali na matawi yanayolisha figo na utumbo.

Hatari yake?

Angalia miguu. Ateri ikijikaza au damu ikiganda, vidole hupauka au kuwa vya bluu, na mguu hupoa. Kwa mtoto mweusi, tazama nyayo. Ukiona mguu mmoja haufanani na mwenzake, mwite muuguzi papo hapo, usiogope kuonekana msumbufu. Rangi isiporudi, mrija hutolewa, hata kama kuuingiza kulichukua saa nzima. Maambukizi yapo pia, na kiungio cha mrija kikilegea damu hutoka kwa kasi. Kwa hiyo nepi haifunikwi juu ya kitovu, wala mtoto halazwi kifudifudi.

Dawa hupita humo?

Za kupandisha presha hapana, hizo huenda kwenye veni. Humu hupita maji yenye heparini kidogo, dawa ya kuzuia damu kuganda, ili mrija usizibe.

Utatolewa lini?

Mara nyingi haupiti siku 5 hadi 7. Huvutwa taratibu, na sentimita za mwisho huchukua dakika kadhaa ili ateri ijifunge yenyewe. Usishangae kumkuta muuguzi amesimama kimya, kidole na shashi kitovuni.