Salamanda: ngozi ndiyo pumzi yake, na ndiyo mlango wa kifo chake

Ukimwona salamanda kwa mara ya kwanza utadhani ni mjusi. Mtazame vizuri: hana magamba, vidole vyake havina kucha, na ngozi yake ni laini, yenye ute, mbichi muda wote. Huyu ni amfibia, ndugu wa chura. Mayai yake hayana ganda, yana utelezi tu, kwa hiyo yakikauka yameharibika. Barani Afrika anapatikana Moroko, Aljeria na Tunisia; kusini mwa Sahara hayupo.

Spishi zinazojulikana ni zaidi ya 750, na karibu theluthi mbili hazina mapafu kabisa. Hewa huingia kupitia ngozi na utando wa kinywa, na ngozi ikikauka oksijeni haipiti. Ndiyo maana msitu ukikatwa, jua likafika chini na majani yaliyooza yakakauka, salamanda hufa hata kama shoka halikumgusa. Tathmini ya dunia ya mwaka 2023 ilikuta spishi 3 kati ya kila 5 ziko hatarini. Hakuna kundi la amfibia lenye hali mbaya kuliko hili.

Adui wa kutisha zaidi ni fangasi aitwaye Batrachochytrium salamandrivorans, kwa kifupi Bsal. Alitambuliwa mwaka 2013, baada ya salamanda weusi wenye madoa ya njano kukaribia kutoweka kusini mwa Uholanzi. Asili yake ni Asia, ambako salamanda wengi wamemzoea. Ulaya inaaminika aliletwa na biashara ya wanyama wa kufugwa nyumbani. Fangasi huyu huila ngozi yenyewe. Utaona vidonda vidogo vya mviringo, vimechimbika, kingo zake nyeusi. Kisha mnyama hulegea, na mara nyingi hafikishi wiki tatu. Fangasi hustawi kwenye nyuzi joto 10 hadi 15 za Selsiasi. Salamanda anayefugwa huweza kupona akiwekwa kwenye nyuzi 25 kwa siku 10, ikiwa spishi yake inahimili joto hilo. Porini tiba hiyo haiwezekani, maana spora, yaani chembe za fangasi za kuzaliana, hubaki kwenye udongo na maji, na huweza kunata kwenye miguu ya ndege au viatu vya watu. Kwa hofu hiyo, Januari 2016 Marekani ilizuia uingizaji wa spishi 201 za salamanda.

Na si magonjwa tu. Kwenye mifereji ya Xochimilco, Meksiko, aksolotli, salamanda aishiye majini, walikadiriwa 6,000 kwa kilomita ya mraba mwaka 1998; mwaka 2014 walibaki 36. Maji yamechafuka, na mayai na watoto wao huliwa na samaki: kapu (carp) na sato, naam, sato huyuhuyu wa kwetu, aliyepelekwa huko kwa ufugaji. Baadhi ya wakulima sasa huziba midomo ya mifereji kwa vichujio vya mawe na mimea: maji yanapita, sato anabaki nje.