Aurora juu ya Kibo? Dhana potofu na ukweli kuhusu anga letu la usiku

Picha ya Kibo usiku ikiingia kwenye grupu la WhatsApp, nyota tele na ukungu wa kijani nyuma ya kilele, haipiti muda mtu ataandika: "Aurora Kilimanjaro!" Ubishi unaanzia hapo.

Dhana: Kijani hicho ni aurora.

Siyo. Aurora hutokea pale chembe zenye chaji ya umeme kutoka kwenye jua zinaponaswa na uga sumaku wa dunia na kuelekezwa karibu na ncha zake. Kilomita 100 na zaidi juu ya ardhi zinagonga oksijeni na nitrojeni, na hewa inatoa mwanga: kijani na nyekundu ya oksijeni, samawati na zambarau ya nitrojeni. Arusha na Moshi ziko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta, ambako mistari ya uga huo imelala zaidi kuliko ilivyosimama, kwa hiyo chembe hazina njia ya kuteremkia. Mei 2024 dhoruba kubwa ya jua ilifanya aurora ionekane hadi Florida na Mexico, na huko bado ni mbali sana na ikweta.

Kinachonaswa na kamera za Moshi ni mng'ao wa angahewa. Mchana mionzi ya jua huvunja molekuli za oksijeni; usiku atomi zinaungana tena, na nishati inayobaki inatoka kama mwanga hafifu, kilomita 95 hivi juu yetu. Kijani chake ndicho kile kile cha aurora kwa sababu atomi ni ile ile. Kipo kila usiku, duniani kote, ila jicho halikioni. Shata (kilango cha mwanga cha kamera) ikiachwa wazi sekunde 20, kamera inakikusanya. Kwangu mimi hili linashinda aurora: nuru ya jua la mchana inarudishwa usiku, juu ya Kibosho na Machame, na hakuna anayeinua kichwa.

Dhana: Aurora huletwa na baridi, na Kibo kuna barafu.

Baridi haihusiki. Hata majira ya joto aurora hutokea huko kaskazini. Tatizo ni kwamba anga halipati giza la kutosha.

Dhana: Taimulapsi ni video iliyoharakishwa.

Ni picha za kawaida zilizopigwa kwa mfululizo. Piga moja kila baada ya sekunde 25 hadi zifike 300: umekaa kwenye baridi saa mbili na dakika tano, na ukizipanga 25 kwa sekunde unapata video ya sekunde 12. Ndiyo maana mwenye betri moja asijisumbue.

Dhana: Nyota zitachora duara kamili, kama kwenye picha za Ulaya.

Hapa ndipo wengi wanapopoteza usiku mzima. Duara lile, linalotokea kamera ikikusanya mwanga kwa muda mrefu, huzunguka ncha ya anga, nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka, na Ulaya ncha hiyo iko juu. Kwetu Nyota ya Kaskazini haichomozi kabisa, na ncha ya kusini iko nyuzi 3 tu juu ya upeo wa macho. Mashariki nyota hupanda karibu wima. Tazama Kilimia kikichomoza utaelewa. Lakini Kibo kiko kaskazini mwa Moshi, na ncha ya kaskazini ya anga, kitovu cha mzunguko, imejificha chini ya upeo, upande huo huo. Ukielekeza lenzi mlimani, nyota zinachora matao yanayopanda kulia, kuvuka juu ya kilele na kushuka kushoto. Mtu wa London hawezi kuipata picha hiyo kwao.

Jambo jingine: nyota zinazopita utosini kwetu hukimbia kwenye picha kuliko zile za karibu na ncha. Kanuni ya kugawa 500 kwa milimita za lenzi (urefu wake wa fokasi) inakupa sekunde 25 za kuacha shata wazi kwa lenzi ya milimita 20. Hapa punguza, la sivyo nyota zitakuwa vistari.

Dhana: Mbalamwezi huharibu kila kitu.

Huzima Njia Nyeupe, ule mkanda hafifu wa nyota, kweli. Ukitaka kupiga kitovu chake, ambacho Juni hadi Agosti huwa juu sana usiku, subiri mwezi mwandamo. Lakini bila mbalamwezi theluji ya Kibo ni kivuli tu. Kipande cha mwezi kinaitosha. Kinachosumbua zaidi ni taa za mji, na mawingu ya jioni ambayo mara nyingi hutawanyika usiku wa manane. Shuka upande wa bwawa la Nyumba ya Mungu, uanze kupiga saa saba usiku.