Wiki za Kwanza za Janga: Maswali ya Kibuye Yalistahili Jibu

Tukitaja janga, wengi wetu tunaanzia Machi 2020. Kwa Kisumu habari ilianza mapema zaidi. Mgonjwa wa kwanza wa homa ya H1N1, iliyoitwa pia homa ya nguruwe, kuthibitishwa nchini Kenya alipatikana hapa mjini, tarehe 29 Juni 2009. Alikuwa mwanafunzi kutoka Uingereza, aliyekuja na kundi la wenzake. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetangaza homa hiyo kuwa janga la dunia tarehe 11 ya mwezi huo huo. Wenzake wakawekwa karantini hotelini, na wenyeji wakabaki na maswali: wamepita wapi, nani amewafulia shuka, na je, nyama ya nguruwe bado inalika?

Hilo la nguruwe ni rahisi kulicheka. Lakini Misri, kabla haijapata mgonjwa hata mmoja, iliamuru nguruwe wa nchi nzima wachinjwe, yapata 300,000. Virusi vile asili yake ilihusiana na nguruwe kweli, ila kufikia wakati huo vilikuwa vikitoka kwa mtu kwenda kwa mtu kwa pumzi, kikohozi na mikono. Nyama iliyoiva vizuri haikuwa na neno. Basi aliyeuliza swali hilo pale buchari hakuwa mjinga kuliko mawaziri wa Cairo, na tofauti ni kwamba yeye aliuliza kwanza.

Katika kazi hii ya elimu ya afya kuna mazoea ya kukusanya kila kinachosemwa sokoni, kukibandika jina la uvumi, kisha kutoa onyo. Mimi nadhani mazoea hayo yanatugharimu. Janga linapoanza, wasiwasi wa watu mara nyingi ni swali la maana lililokosa wa kulijibu. Likikaa siku tatu bila jibu, mtu mwingine hulijibu kwenye WhatsApp, tena kwa sauti ya daktari asiye na jina.

Chukua hili la jua. Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020, ilisemwa kila kona kwamba ugonjwa huo ni wa nchi za baridi na hautaliweza jua la Kisumu. Kuna ukweli ndani yake: virusi vingi havidumu juu ya kitu kilichoanikwa juani. Lakini mara nyingi watu hawaambukizani juani. Wanaambukizana ndani ya matatu iliyofungwa madirisha kwa sababu mvua ya masika inanyesha, ndani ya chumba kimoja cha Nyalenda wanamolala sita, na kwenye maombi ya usiku. Humo ndani ya pua na koo joto ni lile lile, uwe Kondele au uwe London. Ukimweleza mtu hivyo anaelewa mara moja, na anajua la kufanya: afungue dirisha. Ukimwambia tu "puuza porojo", anaondoka na jua lake.

Swali lililokuwa gumu zaidi nililisikia sokoni Kibuye, hapa Kisumu, Jumapili, kwa mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Alikuwa amefunga barakoa ya kitambaa, ameishusha kidevuni ili wateja wamsikie, na mkebe wake wa kupimia ameuweka juu ya gunia. Pembeni kulikuwa na mtungi wa maji wenye mfereji, na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba kisije kikatembea. Mhudumu wa afya alipomaliza maelezo yake, mama akamjibu kwa adabu kabisa:

"Daktari, mimi nakusikia. Lakini nina wateja wa Manyatta, wa Nyamasaria, wa Ahero. Kila jioni mnasema wagonjwa ni mia. Mbona mimi sijazika hata mmoja?"

Mhudumu alirudia kwamba ugonjwa upo. Mama hakuuliza kama upo. Aliuliza inakuwaje ugonjwa unaotajwa kila jioni kwenye runinga usionekane mtaani kwake, na jibu la swali hilo lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni kwamba idadi ya kila jioni ilikuwa hesabu ya waliopimwa wakakutwa na virusi, si ya wote walioambukizwa. Ukipima wachache utapata wachache. Watafiti wa mpango wa KEMRI (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba) na shirika la Wellcome Trust la Uingereza walichunguza damu iliyochangwa kati ya Aprili na Juni 2020, sampuli 3,098, wakitafuta kingamwili, yaani alama ambayo mwili hubaki nayo baada ya kukutana na virusi. Baada ya kurekebisha hesabu walikadiria kwamba waliokuwa na kingamwili hizo ni asilimia 4.3 kwa nchi nzima. Mombasa ilikuwa 8.0, Nairobi 7.3, na Kisumu 5.5. Sensa ya 2019 iliipa Kaunti ya Kisumu watu 1,155,574, kwa hiyo asilimia hiyo ni zaidi ya watu 60,000. Wachangia damu si sura ya kila mtu, kwa hiyo kata nusu ukipenda. Bado ni watu 30,000, katika kaunti moja, wakati orodha rasmi ya Kenya nzima hadi tarehe 31 Julai ilikuwa na wagonjwa 20,636 na vifo 341. Virusi vilikuwa vimeshapita Kibuye na kurudi.

Sehemu ya pili ni umri. Karibu nusu ya Wakenya hawajafika miaka 20, na korona iliwaelemea zaidi wazee na wenye kisukari, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo. Vijana wengi waliambukizwa wakapata mafua ya siku mbili, au wasihisi chochote. Kwa hiyo mama wa omena alikuwa amesema kweli kuhusu alichokiona, na runinga nayo ilisema kweli kuhusu ilichohesabu. Kilichokosekana ni mtu wa kuziunganisha hizo kweli mbili mbele yake, kisha amuulize: nyumbani unakaa na nani? Maana kama kuna nyanya wa miaka 78 mwenye sukari, hapo ndipo hesabu inapobadilika.

Mipakani kulikuwa na mjadala wa aina nyingine. Kufikia Mei 2020 foleni ya malori Malaba, kwenye mpaka na Uganda, ilikuwa inapimwa kwa kilomita, madereva wakisubiri majibu ya vipimo siku baada ya siku, wakipika chini ya trela na kuchota maji kwa wenyeji. Maabara ya KEMRI pale Alupe, Busia, ilifanya kazi kubwa, lakini sampuli zilikuwa nyingi. Wakazi walilalamika: mbona hawa wanapimwa joto kwenye paji la uso, wanaambiwa wako sawa, halafu baadaye wanatajwa kuwa na ugonjwa? Kile kifaa kinapima homa tu, hakioni virusi. Mtu aliyeambukizwa korona anaweza kukaa siku tano, hata kumi na nne, kabla dalili hazijatokea, na huanza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla ya kujisikia vibaya. Anayepita mpakani katika siku hizo anakuwa na joto la kawaida kabisa. Kipimo cha maabara nacho kina mipaka yake: kikichukuliwa mapema mno, siku moja baada ya kuambukizwa, kinaweza kusema huna.

Madereva walibeba lawama kupita kiasi. Kuna waliokataliwa chakula vibandani na waliofukuzwa na wenye nyumba. Mtu akijua kwamba kupimwa ndiko kutamfanya afukuzwe, atakwepa kupimwa, na hapo tunapoteza sote. Jambo hilo tuliliona tena Julai 2024, mgonjwa wa kwanza wa mpox (ndui ya nyani) nchini alipokuwa dereva wa lori aliyepatikana mpakani Taita Taveta. Lawama zikaanza kuelekezwa kule kule.

Kuhusu barakoa nitasema kwa ufupi. Mwanzoni watu waliambiwa mzima haihitaji. Aprili 2020 Kenya ikailazimisha hadharani, na Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake kwa umma tarehe 5 Juni. Wengi wakasema hawa hawajui wanachokifanya. Kilichotokea ni kwamba ushahidi uliongezeka kuwa wasio na dalili wanaambukiza, na wakati huo huo hofu ya kuwanyang'anya wauguzi barakoa za hospitali ilipata dawa, kwa sababu mafundi cherehani walianza kushona za kitambaa. Ushauri uliostahili kutiliwa shaka ni ule uliobadilishwa bila kutajwa sababu, na huo pia ulikuwepo.

Sasa mazishi. Hapa ndipo magharibi mwa Kenya tulipoumia zaidi, na hapa ndipo wataalamu walipaswa kusema mapema na kwa sauti.

Aprili 2020, huko Siaya, marehemu mmoja alizikwa usiku na maafisa waliovaa mavazi ya kinga kuanzia utosini hadi miguuni, bila jeneza, na video ikazunguka nchi nzima kabla ya asubuhi. Kwa watu ambao matanga ni wajibu wa ukoo mzima, ambao mtu huletwa nyumbani akalala boma lake usiku wa mwisho, ambao mahali pa kaburi pana mpangilio wake, ile haikuwa kinga. Ilionekana kama adhabu. Na hofu ya korona ikapata sura mpya: watu wakaanza kuogopa hospitali kuliko ugonjwa, kwa sababu aliyefia hospitalini angezikwa vile.

Je, maiti ya aliyekufa kwa korona ilikuwa hatari kiasi hicho? Mwongozo wa muda wa Shirika la Afya Duniani wa Machi 2020, mwezi mmoja kabla ya mazishi yale, ulisema kwamba mpaka hapo hapakuwa na ushahidi wa watu kuambukizwa kwa kuwa karibu na mwili wa marehemu, na ukaagiza heshima ya marehemu, mila na dini ya familia vilindwe, na kuzika kwa haraka kuepukwe. Maiti haipumui wala haikohoi. Anayeosha mwili anahitaji glavu na aproni kwa sababu ya majimaji ya mwilini. Familia inaweza kuutazama bila kuugusa au kuubusu. Jeneza halina ubaya, mchana hauna ubaya. Hofu ya maiti tuliikopa kwa Ebola, ambako mwili wa marehemu huambukiza sana, tukaitumia kwa ugonjwa usio wa namna ile.

Hatari ya mazishi ilikuwa kwa walio hai. Ilikuwa kwenye basi lililojaa kutoka Nairobi, hema moja la watu 400, sahani zinazopokezana, na disko matanga hadi alfajiri. Sheria ya kuruhusu waombolezaji 15 pekee ilitokana na hilo, na ilikuwa na mantiki. Lakini kwa kuwa ilifika mikononi mwa watu pamoja na picha ya Siaya, ilisomeka kama dharau nyingine tu. Ninaamini familia nyingi zingekubali kuzika kwa watu wachache, na kuahirisha sherehe ya kumbukumbu, kama zingeachiwa jeneza, mchana na mchungaji wao.

Yako pia mashaka ambayo sayansi haiwezi kuyajibu. Agosti 2020 sakata la zabuni za vifaa vya kinga lilipolipuka, kauli iliyokuwa ikisemwa chini chini tangu Machi, kwamba korona ni biashara ya wakubwa, ilipata miguu. Lisemwalo lipo. Wizi ulikuwa na wa kuuchunguza, na virusi vilikuwepo vile vile. Kimoja hakifuti kingine. Mwaka uliofuata, aina mpya ya virusi vya korona iitwayo Delta iligunduliwa hapa Kisumu mapema Mei. Tarehe 1 Juni sherehe za kitaifa za Madaraka zikafanyika mjini kwetu. Katikati ya mwezi huo kaunti 13 za eneo la ziwa na magharibi zikawekewa kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri. Wachuuzi wa samaki, ambao biashara yao ni ya jioni, waliuliza kwa nini mkusanyiko wa juma la kwanza uliruhusiwa na wao wanafungiwa juma la tatu. Sina jibu la kitaalamu la kuwapa, kwa sababu hapakuwa na la kitaalamu. Ninachoweza kusema ni kwamba kila uamuzi wa namna hiyo hupunguza idadi ya watakaopokea simu yetu siku nyingine.

Na kwa kuwa nimetaja simu: mlipuko ukitokea tena, huenda ukapigiwa na wafuatiliaji wa waliokutana na mgonjwa. Watakueleza wanapiga kutoka afisi gani. Watakuuliza ulikuwa wapi siku fulani, ulikaa karibu na mtu kwa muda gani, una dalili zipi, na nyumbani kwako kuna mzee, mtoto mchanga au mgonjwa wa muda mrefu. Hawatakutajia jina la mgonjwa, na wewe usilitafute. Hawatakuuliza PIN ya M-Pesa wala kukudai ada ya kipimo kwa simu. Mtu akikuuliza hayo, kata. Ukiwa na shaka, piga 719, namba ya Wizara ya Afya, au mwendee mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu umuulize ana kwa ana, hata kama swali lako ni la nyama ya nguruwe.