Yuniti 80 kwa yuniti moja

Hapa Mbeya, umeme ukikatika hakosi mtu wa kusema: "Wazungu walishatengeneza jua lao, umeme hauishi, wanatuficha tu." Maneno haya nimeyasikia miaka mingi. Si kweli.

Kilichotokea ni hiki. Desemba 2022, maabara ya Lawrence Livermore, Marekani, ilimulika kidonge kidogo cha haidrojeni kwa leza. Leza ziliingiza megajuli 2.05, viini vya atomu vilipoungana, kama vinavyoungana ndani ya jua, vikatoa 3.15. Magazeti yakaandika kwamba nishati iliyotoka imezidi iliyoingia. Sawa, ukihesabu mwanga wa leza pekee. Kuziwasha leza zenyewe kulimeza umeme wa megajuli 300 hivi.

Tupime kwa LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, maana yuniti moja ni megajuli 3.6. Walitumia yuniti zaidi ya 80, wakapata pungufu ya moja, tena ikiwa joto na nyutroni, si umeme.

Kazi ile naiheshimu sana, wanasayansi waliihangaikia miongo. Kinachoniuma ni kijana wa Uyole kuaminishwa kwamba amefichwa kitu, wakati matokeo yalitangazwa hadharani. Mtambo wa namna hiyo unaolisha gridi haujajengwa popote duniani.