Kamera inapofuata jeneza

Julai 29, 2020 nilikuwa kwenye mgahawa mmoja Magomeni, hapa Mtwara mjini. Runinga ilikuwa juu ya friji la soda, na mazishi ya Rais mstaafu Benjamin Mkapa yalikuwa yanaonyeshwa mubashara kutoka Lupaso, wilayani Masasi. Mzee mmoja aliingia moja kwa moja kutoka shambani kwake alikokuwa anapuliza mikorosho. Kofia na mabega vilikuwa vya njano kwa salfa. Alisimama mlangoni akaitazama ile runinga kwa muda, kisha akauliza: "Ni Lupaso hii hii? Mbona leo inaonekana kubwa?"

Swali lake nimelibeba darasani tangu siku hiyo, maana kazi yangu ni kufundisha uandishi wa habari, na kila mtu mashuhuri anapofariki huulizwa lile lile: hivi runinga hazizidishi? Chaneli zote msiba, asubuhi mpaka usiku, nyimbo za maombolezo, msafara wa magari, watu wanapita mbele ya jeneza. Jibu ninalowapa wanafunzi ni kwamba saa zinazidi na maelezo yanapungua. Tusipovitenganisha hivyo viwili, tutaishia kubishana kama mashabiki wa Simba na Yanga.

Tuanze na jikoni kwenyewe, chumba cha habari. Kwa mhariri, kifo cha mtu maarufu ni habari isiyo na gharama kubwa. Picha za maktaba zipo. Wasifu mara nyingi ulishaandikwa zamani. Vyombo vikubwa duniani huandaa tanzia za watu wangali hai, vikawa vinaongeza mistari kadiri miaka inavyokwenda. Ratiba hutolewa na kamati ya mazishi, na viongozi wote unaotaka kuwahoji wamekaa hema moja. Gari la matangazo likishaegeshwa uwanjani, siku nzima imejaa. Linganisha na kumtuma mwandishi Kilwa akachunguze kwa nini boti hubeba abiria kupita kiasi. Atahitaji mafuta, posho, siku nne, na mtu mmoja walau asiyeogopa kusema. Mhariri mwenye bajeti ndogo atachagua nini? Simlaumu sana.

Wala si ugonjwa wetu peke yetu. Mwana mfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth II, alipofariki Aprili 9, 2021, BBC iliondoa vipindi vya kawaida na kuonyesha matangazo yale yale kwenye BBC One na BBC Two kwa wakati mmoja. Watazamaji waliolalamika walizidi 109,000. Uingereza, nchi inayosifiwa kwa kuwaheshimu wafalme wake, watu walichukua simu na kompyuta kusema jamani, inatosha. Kwetu malalamiko ya namna hiyo hayaandikwi popote. Mtu hubadilisha chaneli, akikuta msiba na kule, anazima anakwenda kulala.

Ila watazamaji nao wana sehemu yao. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria. Walikufa zaidi ya watu 220. Nikiwauliza wanafunzi wanakumbuka nini, wengi hutaja kitu kimoja: yule fundi aliyekutwa hai ndani ya kivuko siku mbili baadaye. Mtu mmoja, aliye hai. Mia mbili na zaidi wamekuwa idadi. Akili ya binadamu inashika sura, haishiki hesabu, na mtu maarufu ni sura tuliyokwishaizoea kabla hajafa. Aprili 2012, alipofariki mwigizaji Steven Kanumba, walioangua kilio mitaani wengi wao hawakuwahi kumpa hata mkono. Hawakuwa wanaigiza. Walikuwa wamekaa naye sebuleni miaka mingi.

Kwa hiyo kuomboleza mbele ya runinga si upuuzi, na sitakubaliana na wasomi wenzangu wanaowacheka watu kwa hilo. Msiba wa taifa ni msiba. Ninachouliza ni kingine: zile saa kumi za matangazo zilitumika kutuambia nini?

Turudi kwa Mkapa. Alifariki usiku wa kuamkia Julai 24. Katika siku za kumuaga, familia ilieleza kwamba alikutwa na malaria, na kwamba kilichomwondoa ni moyo kusimama. Maelezo mafupi tu, kisha matangazo yakarudi kwenye msafara. Sasa fikiria mtu aliyekuwa anatazama akiwa Nanyumbu au Newala. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa 2022 ulikuta maambukizi ya malaria kwa watoto chini ya miaka mitano mkoani Mtwara ni asilimia 20, wakati wastani wa nchi ni asilimia 8. Yaani mkoa uliompokea marehemu ndio mmojawapo wa mikoa yenye malaria nyingi kuliko yote. Siku ile nchi nzima ilikuwa kimya inasikiliza. Daktari mmoja angepewa dakika kumi tu aeleze malaria inamfanya nini mtu mzima mwenye umri mkubwa, na kwa nini homa haisubiriwi siku tatu kwa panadol, angesikilizwa kuliko mabango yote ya barabarani. Nafasi ya namna hiyo hainunuliki kwa tangazo.

Kuna na hii adabu yetu: marehemu hasemwi vibaya. Nyumbani ni adabu nzuri. Kwenye runinga inageuka pazia. Mkapa mwenyewe, katika kumbukumbu zake za maisha alizozitoa 2019, aliyataja mauaji ya waandamanaji wa upinzani huko Pemba, Januari 2001, kuwa doa katika uongozi wake. Aliyasema kwa kinywa chake, angali hai. Wachambuzi wangapi waliyagusa katika wiki ya msiba? Marehemu aliwashinda ujasiri waliokuja kumsifu.

Mfano mzito zaidi ni wa Machi 2021. Watu walikwenda Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, kuuaga mwili wa Rais John Magufuli. Machi 21 kukatokea msongamano, watu wakakanyagana. Wakafa 45. Kamera zilikuwa pale pale, zinarusha mubashara, na bado idadi hiyo kamili tuliisikia kutoka polisi baada ya Rais kuzikwa Chato. Wale 45 walikufa ndani ya habari kubwa kuliko zote za mwaka ule, na habari haikuwaona.

Huku kusini tuna manung'uniko yetu ya ziada, na mimi ni wa kwanza kuyasema. Kamera hutufikia zikifuata jeneza. Lupaso 2020. Mei 2023 zikapanda Rondo, Lindi, kumzika Bernard Membe, waziri wa zamani wa mambo ya nje. Nchi ikaona uwanda wa Rondo, miti yake, watu wake, halafu magari yakageuza. Nafasi pekee ninayoikumbuka kamera zikakaa kwetu bila maziko ya mkubwa ni Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipoikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga, na hapo tulielezwa: maji yametoka wapi, nini kimesombwa, kazi inakwendaje. Kumbe inawezekana.

Siku hizi nawapa wanafunzi zoezi. Tafuta kifo cha mtu asiyejulikana, niletee dakika mbili, na lazima kiwemo chanzo cha kifo chenyewe. Kijana mmoja alivuka kwenda Msanga Mkuu akakaa na mjane wa mvuvi. Mama akamuuliza kama itatoka kwenye runinga. Kijana akasema hapana, shikamoo mama, hii ni kazi ya shule tu. Mama akanyamaza kidogo, akamsogezea mkeka.

"Andika basi. Mtumbwi ulikuwa mzima. Boya ndiyo hakuwa nalo."