Maumivu ya kano na viungo: kipi kinafaa, kipi kinakula pesa tu

Maswali haya huulizwa Tanga nzima, na wavuvi wa Deep Sea, wakata mkonge, makuli, mafundi cherehani, na zaidi na kina mama wenye magoti na viwiko vinavyouma. Majibu ni ya watu wazima. Mtoto anayechechemea apelekwe kwa daktari.

Nitajuaje kama kinachouma ni kano au ni kiungo chenyewe?

Kano, ambayo wengi huiita mshipa, ndiyo inayouunganisha msuli na mfupa. Ikiuma, mara nyingi unaweza kuonyesha kwa kidole kimoja: juu kidogo ya kisigino, upande wa nje wa kiwiko, au chini ya pia ya goti. Hatua za kwanza asubuhi ni za taabu, mwili ukipata moto maumivu yanapungua, halafu kesho yake yanarudi kwa nguvu ikiwa jana ulizidisha.

Kiungo huuma kwa ndani na huweza kuvimba. Goti lililolika gegedu, yaani ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, hukaza asubuhi kwa muda mfupi, kwa kawaida chini ya nusu saa. Mkazo ukidumu saa nzima au zaidi, hasa kwenye vidole vya mikono yote miwili, fikiria baridi yabisi. Ugonjwa huo hula viungo mapema, na dawa zake, kama methotreksati, hufanya kazi vizuri zaidi zikianzishwa mapema. Usiukalishe nyumbani kwa virutubisho.

Nimeuziwa virutubisho vya glukosamini na kondroitini. Nimeambiwa zitajenga gegedu upya.

Hazijengi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2006 ulichukua watu 1,583 wenye magoti yaliyolika. Walipewa glukosamini miligramu 1,500 kwa siku, kondroitini miligramu 1,200, zote mbili pamoja, dawa ya maumivu, au vidonge visivyo na dawa. Baada ya wiki 24, kwa jumla virutubisho hivyo havikuvishinda vidonge vitupu. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa viungo cha Marekani kiliwashauri wagonjwa wa magoti wasivitumie.

Kwa wengi si sumu. Lakini glukosamini nyingi hutengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa, kwa hiyo mwenye mzio wa vyakula hivyo aiache. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, aiache pia, kwa sababu damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi. Ikiwa chupa umeshainunua, andika leo maumivu yako ni ngapi kati ya 0 na 10, tumia kipimo cha miligramu 1,500 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha linganisha. Namba isiposhuka, usinunue ya pili.

Na kolajeni? Supu ya makongoro si ni kolajeni tupu?

Kolajeni ni protini inayojenga kano na gegedu, lakini ukiila inasagwa tumboni kama protini nyingine. Haiendi moja kwa moja kwenye goti. Kuna utafiti mdogo wa 2017 uliowapa vijana wa kiume wanane gramu 15 za jelatini (kolajeni iliyopikwa) pamoja na vitamini C, saa moja kabla ya kuruka kamba. Dalili za utengenezaji wa kolajeni zilipanda kwenye damu yao. Hawakuwa wagonjwa, na haikupimwa kama maumivu yanapungua.

Anayetaka kujaribu achanganye kijiko kikubwa kimoja na nusu cha unga wa jelatini na juisi ya chungwa la Muheza, anywe saa moja kabla ya mazoezi ya kano. Supu ya makongoro ina jelatini pia, ila hakuna anayejua bakuli moja lina kiasi gani, na chumvi yake huwa nyingi kwa mwenye presha. Bila mazoezi, vyote viwili haviisaidii kano.

Kisigino kinaniuma mwezi wa nne sasa. Nikipumzisha mguu kabisa si kitapona?

Hapa ndipo watu wengi hupoteza miezi. Kano ya nyuma ya kisigino iliyochoka haiponi kwa kupumzishwa tu, kwa sababu nyuzi zake hujipanga upya na kuwa imara zinapobebeshwa mzigo. Ukipumzika maumivu hupungua, lakini kano hudhoofika, na siku ya kurudi kazini unaumia upya. Punguza kinachokuumiza zaidi, yaani kukimbia, kuruka na kupanda mlima na mzigo, lakini usiache kuitumia.

Kama maumivu ni makali, anza kwa kusimama tuli. Shika ukuta, inua visigino vyote viwili, kaa hivyo sekunde 45, pumzika dakika moja au mbili, rudia hadi mara tano. Fanya hivyo kila siku kwa wiki moja au mbili.

Kisha nenda kwenye ngazi. Simama kwa nusu ya mbele ya nyayo kwenye ukingo, mkono ukutani. Panda juu kwa miguu yote miwili, hamishia uzito wote kwenye mguu mbovu, halafu shuka nao polepole ukihesabu moja, mbili, tatu, mpaka kisigino kiwe chini ya ukingo. Rudi juu kwa miguu miwili. Fanya mara 15, pumzika, hadi mizunguko mitatu goti likiwa limenyooka, kisha mizunguko mitatu goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, kila siku, wiki 12. Mpango huu ulitangazwa na madaktari wa Sweden mwaka 1998 na bado unatumika. Ukiona rahisi, vaa begi mgongoni lenye dumu la maji la lita 5, ambalo ni kilo 5, na uendelee kuongeza.

Kama maumivu yako yako pale pale kano inaposhikana na mfupa wa kisigino, fanya sakafuni, si kwenye ngazi. Kushusha kisigino chini ya ukingo huibana kano kwenye mfupa na kuichokoza. Kwa sababu hiyo hiyo, kuvutavuta kano hiyo huzidisha. Vaa kiatu chenye kisigino cha sentimita moja au mbili kwa wiki chache badala ya malapa.

Maumivu wakati wa zoezi yanaruhusiwa mpaka 4 kati ya 10. Kipimo cha kweli ni hatua za kwanza za kesho asubuhi. Zikiwa mbaya kuliko za leo, punguza idadi nusu. Wengi hukosea kwa kushuka haraka, au kwa kuacha wiki ya tatu kwa kuwa hawajaona kitu. Wiki ya tatu ni mapema mno kwa kano.

Mimi ni kiwiko. Nikikuna nazi au kukamua nguo nasikia kama moto.

Hizo ni kano za misuli inayoinua kiganja. Weka mkono mezani, kiganja kikining'inia ukingoni kikiangalia chini, shika chupa ya maji ya nusu lita. Inua kiganja kwa msaada wa mkono mwingine, kisha ukiachie kishuke chenyewe kwa sekunde nne. Mara 15, mizunguko mitatu, kila siku. Ikiwa rahisi, jaza mchanga badala ya maji.

Badilisha pia namna ya kufanya kazi yenyewe. Nguo izungushe kwenye bomba au mti uivute, badala ya kuipinda kwa mikono miwili. Ndoo ibebe kiganja kikiangalia juu. Unapokuna nazi, badilisha mkono kila kifuu, na usiukunje sana ule unaosukuma.

Sindano ya steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, kwenye kiwiko inashawishi, maana ndani ya wiki sita utajisikia umepona. Tafiti za Australia ziliwafuata watu hao mwaka mzima na kukuta waliochomwa walikuwa na hali mbaya kuliko wasiochomwa, na maumivu yaliwarudia zaidi. Mtu akikupa sindano hiyo, uliza ni ya nini kabla hujakunja mkono wa shati.

Dawa za nyumbani je? Manjano, karafuu, kitunguu saumu, maji moto ya Amboni?

Manjano yana kiini kiitwacho kukumini, karibu asilimia 3 tu ya unga. Kijiko kidogo cha gramu 3 kinakupa takriban miligramu 90, wakati tafiti za magoti mara nyingi zilitumia karibu miligramu 1,000 kwa siku za kiini kilichokamuliwa. Kwa hiyo kwenye mchuzi ni chakula kizuri, si dozi. Vidonge vyenye kukumini iliyochanganywa na pilipili manga hufyonzwa zaidi, na watu wachache wamepata madhara ya ini navyo. Mkojo ukiwa mweusi au macho ya njano, acha siku hiyo hiyo uende hospitali.

Mafuta ya karafuu yasipakwe matupu, yanaunguza. Tone mbili au tatu kwenye kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi zinatosha, na ujaribu kwanza kwenye mkono kwa siku moja. Kitunguu saumu kibichi kilichopondwa na kufungwa gotini usiku kucha huleta malengelenge ya kuungua. Chale zisichanjwe kabisa, kwani wembe huingiza vijidudu karibu na kiungo.

Maji ya salfa ya Amboni yanalegeza kwa joto lake, na nafuu hiyo ni ya saa chache. Taulo lililochovywa maji ya moto na kukamuliwa, dakika 15 hadi 20, linafanya kazi hiyo hiyo nyumbani. Mwenye kisukari aliye na ganzi miguuni apime maji kwa mkono wa mtu mwingine kwanza.

Mafuta ya samaki yana ushahidi kwa baridi yabisi, kwa kipimo cha karibu gramu 3 za omega-3 kwa siku. Kidonge cha kawaida cha miligramu 1,000 huwa na takriban 300 tu za omega-3 yenyewe, yaani ungehitaji vidonge karibu kumi kila siku. Soma nyuma ya chupa kabla ya kulipa. Vibua mara kadhaa kwa wiki ni chakula bora, ingawa hawafiki kipimo hicho.

Kuna dawa ya mitishamba iliyomwinua bibi kwa siku moja. Mbona msiisifu?

Kwa sababu hakuna jani linalofanya hivyo kwa siku moja. Steroidi zinafanya. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu Artri King, kirutubisho cha viungo kilichokutwa na diklofenaki (dawa ya maumivu) na deksamethasoni (steroidi) ambazo hazikuandikwa kwenye chupa. Angalia kama uso wa bibi unakuwa wa duara, sukari na presha zinapanda, ngozi inachubuka kirahisi. Kama ametumia zaidi ya wiki tatu, msimwachishe ghafla, maana mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake. Mpelekeni hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Diklofenaki ya dukani inanisaidia. Nimeze mpaka lini?

Siku chache, baada ya kula, miligramu 50 mara mbili au tatu, isizidi 150 kwa siku. Usiichanganye na ibuprofeni wala aspirini. Vidonge vingine vya diklofenaki tayari vina paracetamol ndani, na jumla ya paracetamol kutoka kila mahali isizidi gramu 4 kwa siku. Mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia au ujauzito asiimeze bila daktari. Vivyo hivyo mwenye homa na viungo kuuma ghafla, kwani inaweza kuwa dengi, na dawa hii huongeza hatari ya kutoka damu.

Kwa goti na mikono, jeli ya diklofenaki ya asilimia 1 ni bora kuliko kidonge, kwa sababu kiasi kidogo sana huingia kwenye damu. Watu huipaka kidogo mno. Mstari wa jeli kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza ni kama nusu gramu. Goti linahitaji mistari minne hadi minane, mara tatu au nne kwa siku.

Na jambo moja linalosahaulika: siprofloksasini na ndugu zake, dawa za kuua bakteria zinazonunuliwa sana kwa ajili ya mkojo na taifodi, huweza kuumiza kano hadi ikakatika. Onyo hilo limo kwenye maelezo ya dawa hizo Marekani tangu 2008. Hatari ni kubwa kwa aliyezidi miaka 60 na anayetumia steroidi kama prednisoloni. Kano ikianza kuuma ukiwa kwenye dozi, acha kuimeza na urudi kwa aliyekuandikia siku hiyo hiyo akupe nyingine.

Mama ana goti la zamani na mwili mkubwa. Tuanzie wapi?

Kila kilo moja anayopunguza huliondolea goti mzigo wa karibu kilo nne kwa kila hatua. Mazoezi yake ni kiti: akae, asimame bila kushika, akae polepole, mara 10, mizunguko mitatu. Akishindwa, ongezeni mto kwenye kiti mpaka aweze, kisha muutoe baadaye. Fimbo aishike mkono wa upande wa goti zima, mpini ukifika kwenye kifundo cha mkono. Mbuzi ya kukunia nazi humlazimisha kukunja magoti hadi mwisho, basi mtu mwingine akune. Aswali kwenye kiti, dini imeruhusu.

Lini si suala la kusubiri?

Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto na una homa, nenda hospitali ya Bombo au kituo kilicho karibu siku hiyo hiyo. Usaha ndani ya kiungo hukiharibu kwa siku chache. Dole gumba la mguu likivimba usiku hadi shuka haliguswi, huenda ni jongo (gauti), nalo lina dawa zake. Mwenye selimundu (sickle cell) asichukulie maumivu ya mifupa kama uchovu.

Na ukisikia mlio nyuma ya mguu kana kwamba umepigwa teke, kano kuu ya kisigino inaweza kuwa imekatika. Lala kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda, mtu akuminye kigimbi, yaani shavu la mguu. Wayo usipocheza, usikanyagie mguu huo. Ufungwe kwa ubao vidole vikielekea chini, na ufike hospitali leo.